Kupiga msasa wa mashine meza ya mninga ukiwa nyumbani

Siku hizi wateja wengi wanaofika karakana yetu hapa Keko hawaji na meza, wanakuja na swali. Mtu amenunua mashine ndogo ya msasa Kariakoo, au ametumiwa na kaka yake aliye Ulaya, na nyumbani ana meza ya mninga aliyoachiwa na wazazi. Vanishi imepauka, juu pana alama nyeupe za vikombe vya chai, pembeni watoto wamechora kwa peni. Anataka kuifanya mwenyewe. Mimi humuunga mkono kabisa. Mninga ni mbao inayostahili kutunzwa, na ile rangi yake ya kahawia ya dhahabu yenye michirizi myekundu, iliyojificha chini ya vanishi iliyochoka, humfurahisha zaidi aliyeifikia kwa mikono yake.

Ila kuna jambo huwa nalisisitiza kabla hajachomeka plagi. Mashine hii haina meno ya msumeno, haitoi cheche za grenda, inaenea kiganjani na kelele zake zinavumilika. Kwa hiyo watu huiamini kupita kiasi. Mtu huyohuyo asiyethubutu kugusa grenda bila miwani utamkuta anapiga msasa sebuleni, pua wazi, mtoto anacheza hatua tatu kutoka alipo. Madhara ya mashine ya msasa hayamwagi damu. Yanaingia puani na huchukua miaka kujitokeza.

Itambue mashine uliyo nayo

Madukani utakuta za aina tatu. Ya kwanza ina kitako, yaani ile sehemu ya chini inayoshika msasa, cha duara, mara nyingi chenye kipenyo cha milimita 125. Inazunguka huku inayumba, hivyo punje ya msasa hairudii njia ileile na haiachi mistari mirefu. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu wa nyumbani. Ya pili ina kitako cha mraba na hutetemeka tu bila kuzunguka. Ni ya polepole, lakini inafika kwenye kona, na unaweza kununua karatasi ya msasa ya kawaida, ukaikata vipande vinne na kuibana mwenyewe. Ya tatu ni ya mkanda. Ina nguvu nyingi na inakula mbao upesi mno. Ikisimama sehemu moja kufumba na kufumbua tayari pana bonde. Kwa meza ya nyumbani huihitaji.

Kama mashine ni ya mtumba, soma kibati chake kabla ya lolote. Umeme wetu ni volti 230. Mashine kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120, na zile za Uingereza zenye plagi kubwa ya njano na pini za mviringo ni za volti 110, za kufanyia kazi kwenye majengo. Usimruhusu mtu akukatie hiyo plagi ya njano akufungie ya kawaida. Itaungua, na inaweza kuungulia mkononi mwako. Kwenye kibati tafuta pia alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ina kinga mbili za umeme ndani, ndiyo sababu waya wake hauna nyaya tatu. Kinga hiyo haina maana kama waya umechubuka na kuungwa kwa tepu, kwa hiyo upitishe vidoleni wote, kutoka plagi hadi kwenye shingo ya mashine.

Kuhusu umeme wenyewe usiwe na hofu. Mashine ya wati 280 ikifanya kazi mfululizo kwa muda wa saa 3 na nusu inatumia takriban uniti moja ya LUKU.

Hofu iwe kwenye swichi. Mashine nyingi zina swichi inayobaki imewashwa hata ukiondoa kidole. Sasa umeme umekatika katikati ya kazi, au LUKU imeisha. Mashine inanyamaza, unaiweka mezani, unaenda kununua uniti au kuuliza jirani kama kwake upo. Umeme unarudi, mashine inaamka yenyewe na kutembea juu ya meza hadi inaanguka, na kama mtoto amekuja kuitazama, itamkuta. Jizoeze hivi: umeme ukikatika, zima swichi na chomoa plagi kabla mkono haujaiachia mashine. Kubadilisha msasa nako ni hivyohivyo, plagi iwe nje ya soketi.

Vumbi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona uzembe mwingi, hata kwetu sisi mafundi.

Randa hutoa maranda, msumeno hutoa unga wa mbao unaouona ukianguka. Msasa wa mashine, hasa ukifika namba za juu, hutoa vumbi laini ambalo halianguki. Linaelea. Ukizima mashine na kuvua barakoa kwa kuona kazi imeisha, bado liko hewani usawa wa uso wako, na ndilo linalopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Saratani inayotajwa zaidi ni ya ndani ya pua na mapango yake. Mtu wa meza moja hayuko kwenye hatari sawa na anayevuta vumbi kila siku kwa miaka, hilo ni kweli. Lakini mbao zetu nzuri ni kali hata kwa siku moja. Vumbi la mninga huwasha pua na koo na linaweza kumwamshia pumu mwenye pumu. La mvule ni kali zaidi, wapo wanaotoka vipele kwenye mikono na shingo. La mkongo linakupigisha chafya mpaka machozi.

Barakoa ya kitambaa haifai kwa kazi hii. Ile nyepesi ya bluu ya hospitali haifai pia, kwa sababu hewa inapita mashavuni. Kanga au leso iliyofungwa mdomoni huzuia maranda, vumbi laini linapita. Tafuta barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95, yenye mikanda miwili ya kuzunguka kichwa na kijibati cha kubana juu ya pua. Utaipata kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya maduka ya dawa. Ivae, ziba mbele kwa viganja viwili, puliza: ukihisi upepo unatokea kando ya pua, haijakaa. Mwenye ndevu nyingi haitamkaa sawasawa hata afanyeje. Vaa na miwani ya kazi ile iliyofunika pembeni, na kama utakuwa kwenye mashine zaidi ya nusu saa, ziba masikio kwa vizibo vya sponji. Nyingi ya mashine hizi hufikisha desibeli 80 hadi 90, na sikio halikuambii linapoumia.

Fanya kazi nje. Kibarazani panafaa, chini ya mwembe panafaa zaidi, sebuleni hapana, hata ukifungua madirisha yote. Rusha kiganja cha vumbi la chini uone upepo unaelekea wapi, kisha simama ili upepo ukupite mgongoni kwa mshazari na kulipeleka vumbi mbele. Halafu angalia hiyo mbele kuna nini. Kwenye nyumba zetu za uani, mbele huwa kuna kamba ya nguo za jirani, jiko la mama anayekaanga samaki, au mkeka wa mtoto mchanga. Nenda kawaambie kabla hujawasha: "Shikamoo mama, naomba saa moja tu, napiga msasa meza." Watu wakiambiwa mapema hutoa nguo zao bila ugomvi. Mashine yenye mfuko wa vumbi, ivishe mfuko huo na uumwage ukifika nusu, kwani ukijaa hauvuti tena. Kama una kifyonza vumbi, mpira wake ukiingia kwenye tundu la mashine utaona tofauti kubwa sana.

Chini ya meza mwagia maji ardhi, au tandika turubai. Ukimaliza usifagie kavu. Nyunyiza maji kwanza, barakoa ikiwa bado usoni. Kisha kung'utia nguo nje, oga, ndipo umbebe mwanao.

Msasa wa namba gani

Namba iko nyuma ya karatasi. Ndogo ni msasa mkali, kubwa ni laini. Kwa mashine ya duara nunua zile zinazonasa zenyewe kwenye kitako, na hakikisha matundu yake yanalingana na matundu ya kitako, maana huko ndiko vumbi linakonyonywa. Ukibandika ovyo matundu yakaziba, vumbi hubaki chini ya msasa, msasa unapata moto, na zile nyuzi za kunasia kwenye kitako huyeyuka. Kitako kikishakufa, kila duara unalobandika linaruka. Na kamwe usiwashe mashine kwenye mbao bila msasa.

Ule mweusi wa maji uache kwa ajili ya rangi za magari. Kwenye mbao unaziba upesi.

Kwa meza ya mninga yenye vanishi ya zamani mimi huanza na 80, kisha 120, kisha 180. Vanishi ikiwa nene sana naanza na 60, lakini mara nyingi kabla ya hapo naikwangua kwa skrepa au kipande cha chuma chenye ukingo mkali, kwa sababu vanishi nene hupata joto, inalainika na kuganda kwenye msasa, na unamaliza maduara matano bila kuiona mbao. Meza iliyokuwa ikitumika kulia chakula ioshe kwanza kwa maji ya sabuni na kitambaa, ikauke hadi kesho yake. Mafuta ya kula hayatolewi na msasa, yanasambazwa.

Watu hupenda kuruka. Wametoka 60 wanarukia 180 ili kuokoa muda. Msasa wa 180 hauna uwezo wa kufuta mikwaruzo ya 60, unailainisha tu juu juu. Kwa macho ya mchana huioni. Ukishapaka sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi, na vanishi yenyewe, inajitokeza yote, na hapo dawa ni kurudi mwanzo. Kila namba kazi yake ni moja, kufuta alama za iliyotangulia. Kwa hiyo namba ya kwanza ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Usiiache mpaka vanishi yote imetoka na alama za vikombe zimekwisha. Zinazofuata huenda haraka.

Kwenye mbao yenyewe

Kagua meza kwa mkono kabla ya kuwasha. Kichwa cha msumari kilichochomoza kitararua msasa na kinaweza kurusha cheche kwenye vumbi. Kizamishe kwa nyundo na sindano ya chuma, ile pini nene ya kuzamishia misumari. Fungua droo, toa vitasa. Meza iwe imara isiyotikisika, kimo cha kiunoni, ili usipige kazi umeinama. Vaa viatu vilivyofunika vidole, ndala hapana. Ncha za mtandio, mikono mipana ya kanzu, kamba za kofia, vyote vichomekwe ndani. Waya upite begani, uwe nyuma yako muda wote.

Chukua penseli, chora mistari ya mawimbi juu ya meza nzima, upesi tu, bila kukandamiza. Itakuonyesha wapi umepita na wapi bado. Mistari ikiisha kote kwa usawa, eneo hilo limetosha. Chora tena kwa kila namba mpya.

Weka mashine ya duara flati juu ya mbao, ndipo uwashe. Ukiiwasha hewani ikashika kasi na kuitua, inakwangua alama yenye umbo la mwezi mwandamo ambayo utahangaika nayo. Mkono uwe mwepesi. Uzito wa mashine pamoja na uzito wa mkono uliolegea unatosha kabisa. Ukikandamiza, kitako kinaacha kuzunguka vizuri, na hapo ndipo zinapotokea zile alama ndogo za mviringo, kama mikia ya nguruwe, zinazoharibu kazi za watu wengi. Punje iliyong'oka na kunasa chini ya msasa nayo huzileta, kwa hiyo ukibadilisha namba pangusa meza yote kwa brashi na kitambaa chenye unyevu kidogo, usije ukawa unapiga 180 huku punje za 80 ziko chini.

Mwendo uwe wa polepole. Sentimita mbili au tatu kwa sekunde, ukifuata nyuzi za mbao, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Utajiona unachelewa. Endelea hivyohivyo, kwa sababu anayekimbizana na mashine huku na huko humaliza na madoa ya vanishi hapa na mabonde pale. Ukifika ukingoni, theluthi mbili za kitako zibaki juu ya meza. Kitako kikining'inia nje, kinalala upande na kula ukingo, na meza iliyokuwa na pembe nzuri inabaki imeteremka pande zote. Ukikuta doa lililozama, usilichimbe peke yake. Panua eneo la kazi kulizunguka ili mteremko usionekane, au likubali libaki. Doa dogo kwenye meza ya marehemu bibi halimkeri mtu, shimo linakera kila unapoweka sahani.

Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano pumzika. Mtetemo huo hutia ganzi vidole, na vidole vyenye ganzi haviwezi kukuambia kama uso ni laini.

Mninga una nyufa ndogo mara nyingine. Vumbi la 120 la meza hiyohiyo, lililo safi bila vanishi, lichanganye na gundi nyeupe ya mbao, jaza, acha likauke kabisa, kisha endelea. Rangi itakaribiana kuliko puti yoyote ya dukani.

Ukimaliza 180, pangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu. Nyuzi zitasimama na uso utakuwa wa kukwaruza, ni kawaida. Ikikauka, maliza kwa mkono, msasa wa 180 au 220 umeuzungushia kipande cha mbao, ukivuta kwa urefu kufuata nyuzi tu. Hapa ndipo unapofuta alama za mwisho za mashine. Usiku, washa tochi ya simu na uilaze usawa wa meza, uitazame kutoka upande wa pili. Kila bonde na kila mkia wa nguruwe utaonekana. Kagua sasa, kabla ya sila.

Baada ya sila ya kwanza, mashine irudi kabatini. Tabaka la sila ni jembamba, mashine inalipasua mara moja. Pitisha msasa wa 320 kwa mkono, taratibu.

Mahali ambapo mashine haipiti

Mlango au kabati yenye nakshi, kwa mfano zile za Unguja na Lamu, fanya kwa mkono na brashi. Mashine itasawazisha kile ambacho fundi alichonga kwa patasi, na hakirudi.

Meza nyingi za kisasa si mbao nzima. Angalia ukingo wake: ukiona mistari ya tabaka, au unga ulioshindiliwa wenye ganda jembamba juu, hilo ganda mara nyingi halifiki hata milimita moja. Namba 80 italitoboa ndani ya sekunde. Anza na 180 kwa mkono, au upake juu yake tu.

Mbao ya paina, ile inayoletwa kwa wingi kutoka Sao Hill, inahitaji mkono mwepesi zaidi. Sehemu zake laini huliwa kabla ya mistari migumu na uso unabaki na mawimbi. Anza na 120.

Na rangi za zamani. Milango na madirisha ya nyumba kongwe, yenye rangi ya mafuta matabaka kwa matabaka, inayopasuka vipandevipande, inaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Ukiwa na shaka na rangi, usiweke mashine. Kama imeshika vizuri, ipake mpya juu yake. Kama inabanduka, kaikwangue ikiwa imeloweshwa maji, mbali na nyumba, juu ya turubai, kwa mkono, na mjamzito au mtoto asiwe karibu.

Ukishazima

Vumbi la mfuko usiliache ndani ya mashine. Vumbi lililochanganyika na vanishi likirundikana linaweza kupata joto lenyewe hadi kushika moto, kwa hiyo limwage nje siku hiyohiyo, mbali na jiko. Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani ni hatari zaidi ya hapo: vikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo huungua vyenyewe. Vianike kimoja kimoja uwanjani mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Misasa iliyobaki itie kwenye bati la biskuti lenye mfuniko, maana unyevu wa pwani huikunja na kuibandua punje. Puliza matundu ya hewa ya mashine kwa pampu ya baiskeli, plagi ikiwa nje na barakoa ikiwa bado usoni, funga waya bila kuukaza shingoni, na uiweke juu ambapo watoto hawafiki.